Futari ya Ramadhani Huanza Kupandwa Sasa



Tumo katika Mfunguo Saba wa mwaka 1448 Hijria, mwezi ambao wengi wanaujua zaidi kwa jina la Rabiul-Aakhir. Ramadhani inatarajiwa, kwa kutegemea kuandama kwa mwezi, katika wiki ya pili ya Februari 2027. Kwa hesabu hiyo imebaki miezi isiyotimia mitano. Huenda msomaji wa kurasa hizi za familia akashangaa kwa nini tunaitaja futari mapema kiasi hiki, ilhali Rajabu yenyewe bado iko mbali. Sababu yetu iko udongoni. Kiazi kitamu hukaa ardhini karibu miezi minne, boga mitatu hadi minne, kunde zaidi ya miwili. Mwenye kutaka kuchimba futari uani kwake hana budi kushika jembe kabla vuli haijaanza, na vuli hapa pwani yetu huanza Oktoba.

Hatusemi haya kwa ajili ya kuipamba nyumba. Kila mama anayeshika kikapu anajua fungu la viazi linavyopungua siku mbili kabla ya mwezi kuandama, na muhogo uliokuwa ukinunuliwa bila kuulizwa bei unavyoanza kujadiliwa kipande kwa kipande. Tumezoea kuwalaumu wafanyabiashara, na wapo miongoni mwao wanaostahili lawama, kwa kuwa kuficha bidhaa ili Waislamu wahangaike ni dhambi ambayo Mtume (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam) ameikemea. Lakini bei ina sababu nyingine ambayo hatuisemi sana: Ramadhani ya miaka hii inaangukia katikati ya kiangazi. Mahitaji yanapanda pale pale ambapo mashamba ya pwani yamekauka.

Wazee wetu wa pwani waliliona jambo hili na wakawa na hesabu mbili za mwaka. Kwa ibada walifuata mwezi, kama Uislamu ulivyowafundisha. Kwa kilimo na safari za bahari walifuata jua, wakautumia mwaka wa Nairuzi wenye siku 365, na siku hizo wakazigawa katika miongo, kila mwongo siku kumi. Mkulima alijua ni mwongo wa ngapi wa kuchoma shamba, wa ngapi wa kupanda, na nahodha alijua mwongo ambao bahari haifai. Makunduchi, kusini mwa Unguja, siku ya kwanza ya mwaka huo huadhimishwa hadi leo katika mwezi wa Julai. Yanayofanywa siku hiyo masheikh wameyasemea na si mada yetu. Tunachokitaka hapa ni hesabu tu.

Maana mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi na moja hivi, na kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma mwaka hadi mwaka, ikazunguka misimu yote katika muda wa miaka 33 hivi. Mwaka 2016 tulifunga Juni, masika yamekwisha punde na sokoni viazi vimejaa. Mwaka 2020 tulianza kufunga mwishoni mwa Aprili, mvua ikinyesha. Mwaka huu wa 2026 tulianza Februari, katika jua kali. Mwaka 2028 Ramadhani inatarajiwa kuingia mwishoni mwa Januari, na mwaka 2030 tutaipata mara mbili: mwanzoni mwa Januari, kisha tena Disemba inapokaribia kwisha. Basi aliyezoea kusema “viazi hupandwa masika” asilaumiwe, lakini viazi vya masika vitakuwa vimeliwa zamani Ramadhani ikifika. Futari ya miaka hii ni ya kupandwa vuli, isipokuwa ile inayokaa sana ardhini, nayo tutaifikia mwishoni.

Tuanze na kiazi kitamu, kwa kuwa ndicho chenye faida kubwa zaidi kwa mwenye eneo dogo. Hakipandwi kwa mbegu bali kwa marando, yaani vipande vya mmea wenyewe unaotambaa. Ombeni marando kwa jirani au kwa mkulima wa karibu wakati huu huu, maana mvua ikishanyesha kila mtu huyatafuta. Chagueni ncha, zile sehemu changa za mbele zenye urefu wa sentimita 30, si sehemu ya shina karibu na ardhi. Sababu ni kwamba fukusi, mdudu mharibifu kuliko wote katika kiazi, hupenda kutaga mayai penye shina la zamani. Anayepanda shina la zamani anampanda na adui yake. Kama marando yanaonekana dhaifu au majani yake yana madoa ya manjano na mikunjo, msiyachukue hata mkipewa bure.

Kwa aina, ladha ya nyumba ndiyo hakimu. Wapo wasiokubali futari bila kiazi cheupe kilicho kikavu, kinachopikwa kwa nazi bila kuvurugika. Lakini panapo watoto wadogo tunashauri angalau nusu ya tuta iwe viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, kwa kuwa vina kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na vitamini hiyo ni kinga ya macho na ya mwili mzima. Malalamiko tunayoyasikia ni kwamba viazi lishe ni laini mno. Ni kweli kwa baadhi yake. Dawa ni kuvipika kwa mvuke au maji machache na kumimina tui zito mwishoni, badala ya kuvichemsha ndani ya tui tangu mwanzo.

Ardhi ya sehemu nyingi za Dar es Salaam na pwani ni mchanga, na kiazi kinaupenda mchanga, ila mchanga mtupu hauna chakula. Changanyeni ndoo moja ya samadi iliyooza kwa kila eneo la mita moja ya mraba, na msizidishe. Hapa pana kosa la kawaida: mtu anaona kiazi kimestawi, majani yametanda ua mzima, anafurahi, kisha siku ya kuchimba anakuta mizizi mfano wa kidole. Samadi nyingi hulisha majani. Inueni tuta lenye kimo cha goti, kisha pandeni marando kila baada ya sentimita 30, theluthi mbili za rando zikiwa zimefukiwa, vifundo viwili vitatu vikiwa chini ya udongo, kwa kuwa mizizi hutokea penye vifundo. Anayepanda katikati ya Oktoba atachimba Ramadhani inapoingia. Sisi tunapendelea kupanda nusu ya tuta katikati ya Oktoba na nusu ya pili wiki tatu baadaye, ili viazi visikomae vyote siku moja. Mvua ikichelewa, mwagilieni wiki tatu za mwanzo bila kukosa. Baada ya hapo kiazi hujitegemea kwa kiasi kikubwa.

Inapofika Januari mvua hukatika na tuta huanza kupasuka nyufa. Mtu huziona nyufa hizo akazifurahia, akisema kiazi kimenenepa kinataka kutoka. Huenda ni kweli, lakini ufa ule ule ndio mlango wa fukusi. Pitieni matuta kila Ijumaa baada ya kurudi msikitini, mzibe nyufa kwa udongo na kuongeza matandazo ya nyasi kavu au makuti. Kiazi kilichoingiwa na fukusi huwa kichungu na hutoa harufu hata kikipikwa, na hakuna tui la kukiokoa. Viazi vikishakomaa msiviache ardhini kwa kuvihifadhi. Chimbeni, viacheni kivulini siku kadhaa, na vitazidi utamu.

Tupige hesabu bila kujidanganya. Tuta la mita tano huingia mashina 16. Kila shina likitoa nusu kilo, hizo ni kilo nane. Familia ya watu sita inayopika kilo moja na nusu itapata futari tano, na kidogo cha kumpelekea jirani. Tuta moja halilishi mwezi mzima na hatutaki mtu aahidiwe hivyo. Lakini matuta mawili, maboga matatu juu ya kabati na kunde ndani ya dumu, kwa nyumba inayohesabu shilingi kila asubuhi, ni siku kumi au kumi na mbili ambazo mama hasimami mbele ya meza ya sokoni akifikiria aache nini.

Boga lina urahisi wake, kwa kuwa linaweza kupandwa pembeni na kuachwa litambae ukutani au juu ya banda la kuku. Pandeni kati ya mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba, shimo moja lenye samadi ya kutosha, mbegu tatu, kisha mbakize mche mmoja au miwili. Wengi hutuuliza kwa nini maua yanatoka na kuanguka bila kuzaa. Boga lina maua dume na maua jike. Ua jike hulitambua kwa kiboga kidogo kilicho nyuma yake. Nyuki wakiwa wachache, kama ilivyo katika mitaa iliyojengwa mno, chumeni ua dume alfajiri, mlipake ndani ya ua jike, na kazi imekwisha. Baada ya swala ya asubuhi ndio wakati wake hasa, maua yakiwa wazi. Kufikia adhuhuri huwa yamejifunga. Boga huvunwa ganda linapokataa ukucha na kikonyo kinapokauka. Likateni pamoja na kikonyo chake chenye urefu wa kidole, msilibebe kwa kukishika, kwa kuwa kikivunjika ndipo uozo unapoingilia. Likiwekwa kivulini juu ya ubao, hukaa miezi miwili na zaidi.

Kunde ziende ardhini katikati ya Novemba, ili maganda yakaukie katika jua la Januari na si katika mvua. Hazihitaji samadi nyingi, kwa kuwa mizizi yake hujitafutia sehemu ya chakula kutoka hewani. Majani machache mnaweza kuyachuma kwa mboga, ila anayechuma sana asitarajie punje. Zikishakauka, zianikeni vizuri na kuzitia katika dumu au chupa inayofungika barabara, la sivyo dumuzi watafuturu kabla yenu. Kunde mpya huiva upesi, nalo ni jambo kubwa kwa mpishi aliyefunga na mkaa wa kuhesabu. Bamia, nayo, isiachwe. Huvumilia jua kuliko mboga nyingi. Lowekeni mbegu usiku mmoja, pandeni mwanzoni mwa Disemba, na katika Ramadhani mtachuma kila baada ya siku mbili kwa ajili ya daku. Nyanya hatuipendekezi kwa anayeanza. Katika joto la Februari nyanya huangusha maua, na gharama ya dawa humaliza faida.

Sasa maji. Hili ndilo linalowakatisha tamaa wengi, kwa kuwa mabomba ya mitaa yetu hayatabiriki, na katika kiangazi ndoo ya maji ina bei yake. Lakini kila nyumba ya Kiislamu inamwaga maji mara tano kwa siku. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam) akitawadha kwa kiasi cha mudi moja, ambayo haifiki hata lita moja kwa makadirio ya wanazuoni. Sisi, bomba likiwa wazi tangu kunawa viganja hadi kuosha miguu, hutumia mara nyingi ya hapo. Tuchukue watu sita, kila mmoja akitumia lita mbili tu kwa udhu: lita 12 kwa kila swala, lita 60 kwa siku. Hizo ni ndoo tatu kubwa zinazoingia shimoni huku matembele yakinyauka hatua nne kutoka hapo.

Wapo wanaosita wakidhani maji ya udhu yana hukumu ya uchafu. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo iliyoenea pwani yetu, maji machache yaliyotumika katika udhu wa faradhi ni tohara yenyewe, ila hayatoharishi tena. Hayafai kutawadhia mara ya pili, lakini kumwagilia mboga hakuna kizuizi. Wekeni karai chini ya mahali pa kutawadhia, au sakafu yake iinamishwe na kuwekewa mfereji mdogo unaokwenda moja kwa moja kwenye mgomba. Maji hayo yamwagwe siku hiyo hiyo, maana yakilala huwa mazalia ya mbu. Maji ya kufulia yenye sabuni nyingi na dawa za madoa ni mbali na haya. Yasipelekwe kwenye mboga za majani.

Na kwa kuwa tumegusa tohara, samadi pia huulizwa. Wanazuoni wa madhehebu hayo hayo wanahesabu kinyesi cha wanyama kuwa najisi, na pamoja na hivyo wameruhusu kukirutubishia ardhi. Mmea uliootea hapo ni tohara. Kilichoguswa na samadi huoshwa. Basi kinachotakiwa ni kuwa na nguo ya bustani, kuosha mikono na miguu kabla ya swala, na kuosha mchicha kama ambavyo mpishi yeyote safi angeuosha. Samadi ya kuku ikiwa mbichi huunguza mizizi, kwa hiyo ilundikwe sasa, ifunikwe, igeuzwe mara kwa mara, nayo itakuwa tayari mvua ikianza.

Mchicha na mboga nyingine za haraka tusizipe nafasi kubwa, kwa kuwa kila mtu anazijua. Jambo moja tu: msisie zote kwa pamoja. Anzeni mwanzo wa Shaabani, msie kitalu kidogo, kisha kingine kila baada ya siku kumi, kwa mtindo ule ule wa miongo ya wazee. Mbegu zake ndogo zichanganywe na mchanga mkavu ili zisirundikane. Katika jua la Februari kitalu kitahitaji kivuli cha makuti kuanzia saa sita hadi saa tisa.

Wengine, baada ya kufuturu, wana mazoea ya kufukia kokwa la tende wakiwa na matumaini. Kokwa huota, na mche wake unapendeza. Lakini mitende ni dume na jike, na anayepanda kokwa hajui amepata upi mpaka baada ya miaka; juu ya hayo tende hutaka joto kavu wakati wa kuiva, na hewa ya pwani ni ya unyevu. Tabora na Ujiji mitende iliweza kukaa tangu zama za misafara. Kwa uwanja wa hatua kumi Temeke au Magomeni tunaona ni kupoteza kona ambayo mlimao au mpapai ungeifaidi.

Wapangaji wametuandikia wakisema kwamba mashauri yetu ni ya wenye nyumba. Wana haki. Kwa aliye na chumba kimoja na kibaraza, kiroba cha kilo 50 kikitobolewa chini na kujazwa udongo na samadi hubeba marando matatu au manne ya viazi. Ndoo ya lita 20 iliyopasuka hubeba mashina mawili ya bamia. Nanaa na pilipili hukaa ndani ya kopo. La muhimu ni idhini. Mwenye nyumba aombwe kabla ya kuchimba, na mti wa miaka, kama mwembe au mnazi, usipandwe katika kiwanja cha mtu bila maelewano ya wazi ni wa nani mpangaji akihama. Tumeshuhudia udugu ukivunjika kwa sababu ya mpapai mmoja. Vivyo hivyo kwa ukuta wa jirani: boga likitambaa upande wa pili na kuzaa huko, jirani aulizwe kwa upole, na akilila limeliwa.

Kuna wanaouliza juu ya zaka. Mboga za majani hazina zaka katika madhehebu ya Shafi, na nafaka zenyewe hazitolewi zaka mpaka zifikie wasaki tano, ambazo wanazuoni wengi wa leo wanazikadiria kuwa kilo 650 na ushei. Uwanja wetu hautufikishi huko. Sadaka, kwa upande wake, haina kiwango. Mtume (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam) ametufahamisha kwamba Muislamu akipanda mmea, chochote kitakacholiwa humo na mtu, ndege au mnyama huandikiwa kuwa ni sadaka. Akatufahamisha pia kwamba anayemfuturisha aliyefunga hupata mfano wa thawabu zake. Katika mtaa wowote wetu yupo anayefungua kwa maji na kipande cha mkate, kisha anafunga mlango mapema ili watoto wa jirani wasije wakaona sahani. Aghalabu ni mjane, au mzee ambaye watoto wako mbali, au baba aliyeachishwa kazi ambaye bado anavaa shati la kazini.

Huyu apelekewe sehemu yake, na namna ya kupeleka ina adabu zake. Kama ni viazi vibichi, vifike kabla ya adhuhuri au siku iliyotangulia. Kumgongea mtu mlango saa kumi na moja jioni na kikapu cha viazi vyenye udongo ni kumpa kazi ambayo hana muda wala mkaa wa kuifanya. Kama ni vilivyopikwa, viende na mtoto, ndani ya chombo ambacho hakihimizwi kurudishwa. Apewe vile vinavyofanana na vya nyumbani, si vile vilivyokatwa na jembe wakati wa kuchimba. Picha zisipigwe. Na pakiwezekana, apewe marando pamoja na viazi, kwa kuwa huenda ana kona ya uwanja na hajawahi kuambiwa kwamba inatosha.

Umebaki muhogo, pamoja na magimbi na ndizi. Hivi vitatu havitawahi Ramadhani hii. Anayevipanda sasa kwa haraka atachimba mizizi michanga. Lakini wazee wa pwani waliuita mwezi wa Shawwal Mfunguo Mosi, wakaendelea kuihesabu miezi kutoka hapo, kana kwamba mwaka mzima unaanzia siku watu wanapofungua. Kwa miaka hii hesabu yao inatufaa sana. Idd-el-Fitri ya mwaka 2027 inatarajiwa karibu na tarehe 10 Machi, na masika nayo huingia Machi. Muhogo ukipandwa katika Mfunguo Mosi utakuwa na miezi kumi Ramadhani ya mwishoni mwa Januari 2028 itakapofika, na miezi kumi inautosha muhogo mtamu. Magimbi yapandwe wakati huo huo mahali maji ya udhu yanapoishia, kwa kuwa hayavumilii ukavu. Mgomba wa mkono wa tembo au mzuzu, ambao huchukua mwaka au zaidi, uwekwe karibu nayo. Katika shina moja yabaki matatu tu, mama, mtoto na mjukuu, mengine yang’olewe.

Kwa muhogo, chagueni aina tamu inayojulikana mtaani kwenu, kama Kiroba kwa watu wa Mkoa wa Pwani. Muhogo mchungu una sumu inayohitaji matayarisho ambayo jikoni ya futari haina nafasi nayo. Jambo la kuogopwa ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Ugonjwa wa batobato huonekana kwa majani yaliyojikunja yenye mabaka, na mtu huweza kuukwepa. Huu wa michirizi ni mnafiki. Mmea huweza kusimama ukiwa na majani ya kijani, ilhali mizizi chini imeoza vipande vipande kama kizibo, nanyi hamjui mpaka siku mnayotia jembe, jua likiwa linazama na sufuria imeshawekwa jikoni. Kwa hiyo msichukue vipando kwenye shamba msilolijua. Ramadhani hii, mkiletewa muhogo uliokuwa mzuri, mweupe hadi ndani, muulizeni aliyeuvuna alikotoa na mumwombe miti yake. Ifungeni fungu, ncha zikiangalia juu, iegemezeni kivulini chini ya mwembe huku mashina yakigusa udongo wenye unyevu kidogo. Itangoja hivyo wiki kadhaa. Mvua ya kwanza baada ya Idd ikinyesha, kateni vipande vya sentimita 25, vyenye vifundo vitano au zaidi, na mpande siku hiyo hiyo.